Kiwanja kimoja, wapangaji kumi: maji safi, majitaka na mvua vipangwe vipi

Nyumba za kupanga za mstari, zile za chumba, sebule na choo ndani, zimejaa Dar es Salaam kuanzia Mbagala mpaka Goba, na nyingi zimejengwa mahali ambapo bomba la umma la majitaka halijafika. Mwenye nyumba huanza na ramani ya vyumba. Maji anaachiwa fundi bomba, choo anaachiwa mwashi, na mvua haipangiwi kitu. Miaka miwili mitatu baadaye shimo linafurika, linaitwa bovu, gari la kunyonya linaitwa kila mara, na hakuna anayejua kosa lilianzia wapi. Mara nyingi halikuanzia shimoni. Lilianzia kwenye flashi inayovuja chumba namba sita, au kwenye bomba la bati, lile linaloshusha maji ya mvua kutoka paani, lililoelekezwa kwenye chemba ya majitaka, au kwenye hesabu ambayo haikufanywa kabla jembe halijagusa ardhi.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho: kiwanja cha mita 20 kwa 30, nyumba kumi, kila moja watu wanne. Jumla watu 40. Paa lote ni kama mita za mraba 300.

Mtu mwenye bomba na choo cha flashi ndani hutumia takriban lita 100 kwa siku. Anayebana sana hushuka mpaka 80. Kwa watu 40 weka lita 4,000 kwa siku. Karibu asilimia 80 ya hayo hurudi kama majitaka, yaani lita 3,200. Shika namba hizi mbili, kwa sababu ukubwa wa tanki, wa karo (tangi la chini ya ardhi linalotuliza majitaka) na wa mashimo ya kufyonza vyote vinatoka humo.

Maji safi

Kabla ya kununua tanki, pima bomba linaloingia. Chukua ndoo ya lita 20, ifungulie maji kwenye mita saa ambayo kwa kawaida yanatoka, uhesabu muda. Ikijaa kwa dakika mbili, unapata lita 10 kwa dakika, sawa na lita 600 kwa saa. Kiwanja chetu kinahitaji lita 28,000 kwa wiki, kwa hiyo bomba hilo lazima litoe maji karibu saa 47 kila wiki. Kama mgao wa eneo lako ni siku tatu kwa wiki, hizo ni saa kama 16 kwa kila siku ya mgao. Wengi wanaolalamika kwamba tanki halijai wana tanki la kutosha; bomba la kuliingiza ndilo jembamba, au presha ya mtaani haifiki juu ya mnara.

Ndiyo maana matanki mawili ya lita 5,000 hufanya kazi vizuri kuliko moja la lita 10,000 juu. La chini, lililokaa kwenye jukwaa fupi, hupokea maji ya usiku hata presha ikiwa dhaifu. Pampu ndogo huyapandisha kwenye la juu. Kwa pamoja yanabeba mahitaji ya siku mbili na nusu. Kila moja liwe na boya la kufunga maji likijaa, na bomba la kuingizia liishie juu ya kiwango cha bomba la kumwagia ziada. Nafasi hiyo ya hewa kati ya mdomo wa bomba na uso wa maji ni ya lazima, na sababu yake tutaiona muda si mrefu.

Tanki la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani tano. Haliwekwi juu ya kenchi za paa, wala juu ya ukuta wa tofali usio na nguzo. Lahitaji nguzo za zege zenye nondo na jukwaa bapa lisilo na mianya, kwa kuwa simtanki iliyokaa juu ya mbao zilizoachana hupasuka kitako. Kuhusu presha, kila mita moja ya kimo hutoa sehemu moja ya kumi ya bar, kipimo cha presha. Kitako cha tanki kikiwa mita nne kutoka ardhini na bomba la mvua la bafuni likiwa mita mbili, mpangaji anaoga kwa bar 0.2 tu. Anayetaka kufunga hita ya umeme ya papo kwa papo aambiwe mapema kwamba haitawaka vizuri kwa presha hiyo mpaka kuwe na pampu. Kinachosaidia bila gharama kubwa ni bomba pana: toka tankini kwa milimita 40, ingia kila nyumba kwa 25, na mwisho wa koki ndipo ushuke 20. Fundi anayetoka tankini na bomba la 20 kwa nyumba kumi amekuokolea pesa kidogo na kukuachia ugomvi wa kila asubuhi.

Kila nyumba iwe na koki yake ya kufungia na mita yake ndogo. Watu huiona mita ndogo kama njia ya kugawana bili, nayo inafaa kwa hilo, lakini faida kubwa ni kukamata uvujaji. Flashi moja inayopitisha maji kimyakimya yaweza kumwaga lita mia kadhaa kwa siku. Lita 400 ni sawa na kuongeza wapangaji wanne ambao hukuwahesabu, na maji yao yote yanakwenda moja kwa moja kwenye karo. Soma mita usiku wa manane na tena alfajiri: nyumba ambayo watu wamelala na mita inatembea ndiyo yenye tatizo. Au tia rangi ya chakula kwenye tanki la flashi. Ikionekana kwenye sinki la choo ndani ya nusu saa bila mtu kuvuta, mpira wa chini umechoka.

Sasa ile nafasi ya hewa. Katika mji wenye mgao, bomba halina presha muda wote. Maji yakikatika, yaliyobaki ndani hushuka kuelekea mahali pa chini na kuacha mvuto nyuma yake. Penye ufa au kiungio kilicholegea, bomba hufyonza chochote kilicholizunguka udongoni. Kama kilicholizunguka ni majitaka ya chemba inayovuja, ndicho kitakachotoka kwenye koki maji yakirudi. Kwa hiyo bomba la maji safi na la majitaka hayachimbiwi mtaro mmoja. Ukiwa na nafasi, yaachane mita tatu. Kwenye kiwanja chembamba ambako haiwezekani, la maji safi likae juu, angalau sentimita 45 juu ya mgongo wa lile la majitaka, kwenye ngazi ya udongo usiochimbwa. Yakibidi kukatana, pitisha kipande kizima cha bomba la maji juu ya makutano ili viungio vyake viwe mbali pande zote mbili. Kwa sababu hiyo hiyo usifunge pampu inayovuta moja kwa moja kutoka bomba la mtaani. Pampu hiyo inaongeza mvuto huo na kunyonya uchafu wa mtaa mzima kukuletea wewe na jirani zako.

Matanki yasafishwe angalau mara moja au mbili kwa mwaka. Toa maji, sugua kuta, suuza, kisha jaza na klorini ya miligramu 50 kwa lita. Kwa tanki la lita 5,000 hiyo ni gramu 250 za klorini halisi, yaani kama gramu 385 za klorini ya unga ya asilimia 65, iliyokorogwa kwanza kwenye ndoo ya maji. Iache usiku kucha, mwaga, suuza, jaza upya. Unapomwaga, usielekeze maji hayo kwenye karo, maana yanaua bakteria wanaolifanyia kazi. Mifuniko ifunge na bomba la ziada liwe na wavu: mbu wa dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji masafi yaliyohifadhiwa.

Mabomba ya majitaka na mteremko

Bomba la choo ni milimita 110, lile mafundi wanaloita la inchi nne. Mteremko wake ni sentimita 2.5 kwa kila mita, na usishuke chini ya sentimita 1.7. Namba hiyo ndogo ndiyo inayoamua kina cha kila kitu kinachofuata. Mstari wa nyumba kumi una urefu wa kama mita 28. Ukianza na kina cha sentimita 40 upande mmoja na kuweka karo upande wa pili, bomba litafika likiwa sentimita 110 chini ya ardhi. Karo litazama zaidi, mashimo ya kufyonza yatazama zaidi ya hapo, na maji ya ardhini yatakuwa yanakungoja.

Weka karo katikati ya mstari. Nyumba tano zitiririke kutoka kushoto, tano kutoka kulia, kila upande mita 14. Mshuko unakuwa sentimita 35, na bomba linaingia kwenye karo likiwa sentimita 75 tu chini ya ardhi. Uamuzi huu haugharimu shilingi na unaokoa sentimita 35 za kuchimba kila mahali mbele yake. Ajabu ni kwamba viwanja vingi karo huwekwa pembeni kabisa, nyuma, kwa kuwa tu ndiko choo cha zamani kilikuwako.

Chemba ya ukaguzi iwekwe kila bomba linapokata kona au kupokea jingine, na hata penye mstari ulionyooka zisiachane zaidi ya mita 15 hivi. Ndani ya chemba sakafu isiwe bapa. Zege lichongwe mfereji wa nusu duara unaoendelea na bomba, na mabega yake yateremke kuelekea mfereji, yamalizwe kwa niru. Kwenye sakafu bapa kinyesi hutulia, hukauka, na baada ya muda chemba inageuka shimo. Kona ya digrii 90 iundwe kwa elbo mbili za digrii 45, na mahali mabomba yanapoungana tumia kiungio cha mlalo badala ya tii (kiungio chenye umbo la herufi T) iliyosimama. Uvundo bafuni mara nyingi unatokana na mtego, yaani bomba lililopinda chini ya choo au tundu la sakafu, usio na maji. Maji ya sentimita tano kwenye mtego ndiyo yanayozuia hewa ya karo kuingia ndani, na bomba lisilo na la kupumulia huyafyonza kila choo kinapovutwa. Pandisha bomba la kupumulia mwisho wa juu wa kila mstari mpaka lipite paa, na mdomoni weka wavu wa mbu.

Maji safi yakikosekana, mabomba ya majitaka nayo huziba. Siku za mgao wapangaji hubana: choo kinachohitaji lita sita au tisa kinamwagiwa kopo moja. Kinyesi kinatoka kwenye sinki, kinafika mita nne au tano, kinasimama. Kesho kingine kinasimama nyuma yake. Ukiona mabomba yanaziba kila mara baada ya mgao mrefu, hifadhi ya maji ndiyo ya kuongeza kabla ya kuvunja sakafu.

Karo

Karo linafanya kazi mbili tu: kutuliza majitaka ili vizito vizame na mafuta yaelee, na kuhifadhi tope mpaka gari lije. Kwa kazi ya kwanza lahitaji nafasi ya siku moja ya majitaka, yaani lita 3,200. Kwa ya pili, katika joto la pwani, hesabu lita 40 za tope kwa mtu kwa mwaka pale maji ya kuogea na ya jikoni yanapoingia pamoja na ya choo. Ukitaka kunyonya kila baada ya miaka mitatu: watu 40, mara miaka 3, mara lita 40, ni lita 4,800. Jumla lita 8,000.

Vipimo vya ndani: upana mita 1.4, urefu mita 3.8, kina cha maji mita 1.5, na juu ya maji uache sentimita 30 za hewa. Ukuta wa kati uligawe, theluthi mbili mbele na theluthi moja nyuma, yaani mita 2.5 na mita 1.3. Tundu la kupitisha maji kwenye ukuta huo likae kama sentimita 60 chini ya uso wa maji, juu ya tope na chini ya utando wa mafuta, na juu kabisa uache mwanya wa gesi. Bomba la kutokea liwe sentimita 7.5 chini kuliko la kuingilia. Yote mawili yafungwe tii: ya kuingilia izame sentimita 30 majini, ya kutokea izame 60.

Tii ya kutokea ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huu, na ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Bila hiyo, utando unaoelea unatoka moja kwa moja kwenda kwenye shimo la kufyonza na kuziba udongo wake. Fungua mfuniko wa karo lolote linalosumbua, uangalie kwanza kama tii ipo na kama haijadondoka.

Sakafu iwe zege lenye nondo, kuta zipigwe plasta na niru ndani mpaka zisivuje. Karo lisilo na sakafu ni shimo la choo lenye jina jingine. Penye maji ya ardhini karibu, ukichagua karo la plastiki, lifunge kwenye sakafu ya zege, kwani likinyonywa masika na kubaki tupu huelea na kung'oa mabomba yote. Juu acha mifuniko ya sentimita 60 kwa 60, mmoja kwa kila chumba, na njia ya gari yenye upana wa mita tatu kutoka barabarani. Nyumba nyingi zina karo zuri ambalo gari haliwezi kulifikia, kwa sababu nyumba ya tano na ya sita zimejengwa juu ya njia.

Lini unyonye? Usingoje lifurike. Chukua mti mrefu, uufunge taulo jeupe mita moja ya mwisho, ushushe taratibu mpaka sakafuni kupitia mfuniko wa chumba cha kwanza, ngoja dakika chache, uutoe pole pole. Sehemu iliyobaki nyeusi na chembechembe ndiyo kimo cha tope. Tope pamoja na utando vikifika nusu ya kina cha maji, mwite mwenye gari. Pima mara moja kwa mwaka, na uandike tarehe na kipimo. Unga unaouzwa kwa madai ya kumaliza kinyesi hauondoi haja ya gari.

Na mtu yeyote asiingie ndani ya karo, hata likionekana tupu. Gesi ya salfa iliyomo na ukosefu wa hewa huangusha mtu kwa pumzi chache. Vifo vya makaroni huja viwili viwili au vitatu, kwa kuwa wa pili aliingia kumwokoa wa kwanza.

Mashimo ya kufyonza, mahali hesabu inapokataa

Maji yanayotoka kwenye karo bado ni machafu, yana vimelea, na lazima yaingie ardhini taratibu. Hapa ndipo wengi wanapochimba shimo moja kwa sababu jirani ana moja.

Udongo una uwezo wake. Mchanga mkubwa hupokea kama lita 50 kwa kila mita ya mraba kwa siku, mchanga mwembamba kama 33, tifutifu kama 25, mfinyanzi mgumu 10 au chini ya hapo. Kinachohesabiwa ni kuta za shimo chini ya bomba la kuingilia. Sakafu haihesabiwi, maana huziba ndani ya muda mfupi. Kwa mchanga mwembamba, lita 3,200 gawanya kwa 33 ni mita za mraba 97. Shimo la duara lenye kipenyo cha mita 2.5 na kina cha mita 3 chini ya bomba lina ukuta wa mita za mraba 23.6. Unahitaji mashimo manne. Kwenye mfinyanzi ungehitaji mashimo zaidi ya kumi na tatu, yaani kiwanja hakiwezi, na heri kujua hivyo kabla ya kujenga nyumba ya kumi.

Sasa tazama kina. Bomba linatoka kwenye karo sentimita 82 chini ya ardhi, linafika shimoni likiwa kama 90. Ongeza mita 3 za kufyonza: shimo lina kina cha mita 3.9. Kati ya sakafu yake na maji ya ardhini ya masika kunatakiwa mita 1.5 za udongo mkavu, kwa kuwa ndiyo chujio. Kwa hiyo maji ya ardhini yasikaribie zaidi ya mita 5.4. Kwenye vilima vya mji inawezekana. Mikocheni, Msasani, Tandale na bondeni Jangwani maji yako karibu mno, na shimo la mita nne hapo linachimbwa ndani ya maji: halifyonzi, linapokea.

Njia inayofaa mahali kama hapo ni mitaro isiyo na kina kirefu badala ya mashimo. Mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina cha mita moja chini ya bomba una mita mbili za mraba za ukuta kwa kila mita ya urefu. Kwa mita za mraba 97 unahitaji mita 49 za mtaro, tuseme minne ya mita 12 hivi, iliyoachana mita mbili. Jaza kokoto safi, laza bomba lenye matundu juu yake, funika kwa kokoto, kisha turubai la nyuzi linalopitisha maji, mwisho udongo. Sakafu ya mtaro inakuwa kama mita 1.9 badala ya 3.9. Hapo juu pabaki majani na miguu ya watu tu. Gari likipita juu, udongo unagandamana na mtaro unakufa.

Pima udongo wenyewe kabla ya kuamini jedwali. Chimba mpaka kina utakachotumia, chini yake chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande, kijaze maji na ukiache usiku mzima kilainike. Kesho yake kijaze tena sentimita 30, upime muda maji yanapotoka robo tatu mpaka robo, yaani mshuko wa sentimita 15. Kwa kipimo kinachotumika Uingereza kwa mitaro ya kufyonza, muda unaofaa ni kati ya dakika 38 hivi na saa nne. Kikizidi hapo udongo hauwezi kazi. Kikipungua sana, kama ilivyo kwenye mchanga mwingi wa pwani, maji yanapita bila kuchujwa, na visima vya jirani ndivyo vitakavyolipa. Fanya jaribio hili masika. Lililofanywa Februari linadanganya.

Umbali wa kawaida kati ya shimo la kufyonza na kisima cha maji ni mita 30. Kiwanja cha mita 20 kwa 30, kutoka pembe mpaka pembe, ni mita 36. Maana yake kisima na mashimo manne ya majitaka havikai pamoja kwenye kiwanja hicho, na pia lazima ujue kisima cha jirani kiko wapi. Penye mwamba wa matumbawe, kama Zanzibar na Mombasa, hata mita 30 hazitoshi kukupa imani, maana maji husafiri kwenye nyufa bila kukutana na udongo wowote.

Kuta za shimo zijengwe kwa tofali zilizoachiwa matundu, na nyuma yake kokoto unene wa sentimita 15. Sehemu iliyo juu ya bomba ijengwe imara bila matundu. Mashimo yakiwa mengi, tumia chemba ya kugawanyia ili yapokee sawa. Yakifuatana kwa mstari, la kwanza linaziba na kubeba mzigo wote kabla la pili halijaonja maji. Mifuniko izibwe kabisa. Mbu wa kwenye majitaka hubeba matende, na huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walipunguza mbu hao kwa kumwaga punje za plastiki zinazoelea juu ya maji ya mashimo ya vyoo, pamoja na kuwapa watu dawa ya matende.

Mvua

Dar es Salaam hupata mvua ya kama milimita 1,000 kwa mwaka, sehemu kubwa masika. Mvua moja ya milimita 50 juu ya paa letu la mita za mraba 300 ni lita 15,000. Karo lina nafasi ya lita 8,000. Bomba moja la bati likielekezwa kwenye chemba, kwa saa moja maji yanalijaza karo, yanakoroga tope la miaka miwili na kulisukuma kwenye mashimo ya kufyonza. Tope likishaingia kwenye kuta za shimo halitoki tena. Ndiyo sababu mashimo mengi hufa masika na mwenye nyumba akadhani ni uzee.

Kwa hiyo hakuna bomba la bati wala tundu la sakafu ya ua linaloingia kwenye mfumo wa majitaka. Mifuniko ya chemba na karo ipandishwe sentimita 15 au 20 juu ya ardhi, na udongo uteremke kutoka kwenye mifuniko hiyo. Kuzunguka nyumba ardhi ishuke sentimita tano kwa kila mita, kwa mita mbili za kwanza. Mifereji ya bati iwe na eneo la ndani la sentimita moja ya mraba kwa kila mita ya mraba ya paa inayoihudumia, na mabomba ya kushusha yawe mapana na ya kutosha. Maji ya paa ni mali: mbele ya tanki weka bomba la kutupa ya mwanzo, lita 75 mpaka 150 kwa kila mita za mraba 150 za bati, kwa kuwa ndiyo yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayobaki yaende kwenye mfereji wa barabara, kamwe yasiende kwa jirani wa chini.

Wapo wanaongoja mvua kubwa ili kutapisha choo, yaani kutoboa shimo na kuachia majitaka yachukuliwe na mafuriko. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea nchi nzima unaeleza kinachofuata vimelea vikiingia kwenye maji ya watu. Kutapisha ni kosa la jinai, ni hatari kwa watoto wa mtaa wa chini, na halina sababu pale karo lilipohesabiwa vizuri na gari linaweza kulifikia.

Likifurika, anza wapi

Usianze kwa kuchimba shimo jipya. Fungua chemba ya mwisho kabla ya karo. Ikiwa imejaa na karo liko kawaida, bomba la kati limeziba: pampasi, taulo za kike, matambara. Karo likijaa mpaka juu ya tii ya kutokea, fungua shimo la kufyonza. Shimo likiwa na nafasi, tii au bomba la kutokea limeziba. Likiwa limejaa, soma mita za maji kwa siku tatu. Matumizi yakizidi lita 4,000 kwa siku, tafuta uvujaji kwanza. Yakiwa ya kawaida na ni wakati wa masika, tafuta bomba la bati lililojificha, kisha pima kimo cha maji ya ardhini. Ukivimaliza hivyo vyote ndipo ukubali kwamba kuta zimeziba. Hapo jenga mashimo au mitaro mipya na uyapumzishe ya zamani mwaka mmoja hivi. Mengi hurudi kufyonza yakikauka.

Kama bomba la umma la majitaka limefika mtaani, jiunge nalo, hata kama karo ni jipya. Kama halijafika, kibali cha ujenzi cha manispaa kinataka mchoro wa majitaka, na afisa afya ana mamlaka ya kukagua. Mwonyeshe mitaro kabla haijafukiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko, na Msimbazi na vijito vyake vinahesabiwa humo.

Piga picha kila mtaro ukiwa wazi, na futi ikiwa imelazwa kando ya bomba. Chora kwenye karatasi moja koki, chemba, karo, mashimo na kina cha kila kimoja, nakala moja ibandikwe kwenye chumba cha pampu na nyingine apewe msimamizi wa nyumba pamoja na daftari la vipimo vya tope.